Charger mpya ya milango minne: huu mgongo wameukosea wapi?

#1 Jicho_Kali
Wakuu, salama. Wiki nzima nimeshinda na picha za Dodge Charger mpya, ile ya milango minne inayofuata nyuma ya ndugu yake wa milango miwili. Kila nikiitazama kuna kitu kinanikwaza na nashindwa kukitaja. Mbele sina neno: uso bapa, taa mstari mmoja kutoka shavu hadi shavu, unaona kabisa huyu ni baba lao. Ubavuni hadi mlango wa mbele, safi. Ukishafika mlango wa nyuma gari inabadilika, kama mtu kaazima koti la kaka yake, mabegani limekaa lakini kiunoni kitambaa kimejaa.

Kwenye milango miwili halinisumbui. Sasa kwa nini? Urefu ni uleule, kama mita 5.25, paa ni lilelile, tairi zimeachana vilevile, mita 3 na kidogo. Kilichoongezeka ni mlango tu. Mafundi bodi na mlioko Marekani njooni. Wale wa "gari ni Toyota" mnakaribishwa pia, ila msikae mlangoni.

#2 Toroli
Nimekaa hapo hapo mlangoni. Gari ni Toyota.

#3 Mama_Watatu
Mkuu weka picha basi, unatutangazia gari kama mpira wa redioni.

#4 Fundi_Kidevu
Jicho Kali umenigusa, hii ndiyo kazi yangu. Mie ni fundi bodi, mwaka wa 17 huu. Fundi hatazami gari, anatazama mwanga juu ya gari. Ukimaliza kunyoosha mlango na kupiga puti, unaleta tyubu ya taa, unaisogeza taratibu ubavuni, unafuata ule mstari mweupe kwenye rangi. Ukienda bila kupinda, umemaliza. Ukivimba kama nyoka kameza panya, rudi kwenye msasa.

Charger hii bodi yake ni safi, mikunjo michache, si kama ile ya 2011 iliyochimbwa mfereji kwenye milango. Kwa hiyo jicho lako linafuata mwanga tu. Kwenye milango miwili mwanga unatoka tairi la mbele, unakatwa mara moja kwenye mlango, halafu unateleza mpaka taa ya nyuma. Kwenye minne unakatwa tena, na hicho kikato cha pili kimeangukia palepale bodi inapoanza kufura juu ya tairi la nyuma. Unakata mkate mahali ulipoumuka. Kosa ni hilo tu, paa halina hatia.

#5 Jicho_Kali
Fundi Kidevu sasa naanza kuelewa. "Mkate mahali ulipoumuka" naliiba hilo.

#6 Mbeba_Box_Dallas
Wakuu nipo Texas, hii gari nimeikuta kwa macho, si kwa bando. Ilikuwa ya milango miwili, ya umeme, ile Daytona, imepaki nje ya duka la vyakula. Nikaizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe.

Kwanza, ni pana kuliko unavyodhani. Ni mita 2 na ushee bila vioo vya pembeni, imejaa mstari kwa mstari kwenye maegesho, mwenye gari ya jirani atoke kwa dirisha. Pili, ule uso bapa ni geresha. Ukiinama unaona shoo ya juu ni tundu, upepo unaingia chini ya kipande kilichokaa kama bawa, unatokea juu ya boneti. Wenyewe wanaliita R-Wing. Niliingiza mkono hadi kwenye kiwiko, mke wangu akaniambia toa, wataita polisi.

Kuhusu mgongo: picha za matangazo hupigwa kamera ikiwa chini, karibu na tairi la nyuma, ili gari ionekane na misuli. Kamera ikiwa pale, chochote kilicho nyuma kinanenepa, hata wewe ukipigwa hivyo utaonekana una makalio ya kuuza. Mimi naona mgongo hauna tatizo, tatizo ni mpiga picha.

#7 Toroli
Kwa hiyo hukununua.

#8 Mbeba_Box_Dallas
Nilienda kununua maziwa.

#9 Kamau_wa_Gikomba
Niko Nairobi. Wote mmekosa. Hii gari ilichorwa kwa ajili ya umeme, betri imelala sakafuni kama godoro. Sakafu ikipanda, viti vinapanda, watu wanapanda, na paa nalo linafuata. Wakitaka gari isionekane kama matatu wanaongeza nyama ubavuni na ringi kubwa. Huo ndio unene anaouona Jicho Kali. Daytona ina uzito wa zaidi ya tani mbili na nusu! Hiyo ni Hiace na abiria wake.

#10 Mhandisi_Njaa
Kamau, ila kuna ya petroli. Sixpack, injini ya lita 3.0, silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, turbo mbili, farasi 420 kwa ya kawaida na 550 kwa ile kali. Haina godoro sakafuni na bodi ni hiyohiyo, tofauti utaiona kwenye boneti iliyoinuka katikati. Ingekuwa ni betri, ya petroli ingekuwa nyembamba.

#11 Kamau_wa_Gikomba
Ndiyo nasema! Bodi moja imeshonewa watu wawili, mnene na mwembamba. Unashona kwa kipimo cha nani? Cha mnene. Mwembamba atavaa hivyo hivyo.

#12 Mhandisi_Njaa
Hapo umejitetea vizuri, ila mimi naelekeza kidole kwenye sheria. Mwaka 2009 Wamarekani walibadili kanuni ya nguvu ya paa. Zamani paa lilitakiwa kuhimili uzito wa mara 1.5 wa gari lenyewe, wakapandisha hadi mara 3 kwa magari madogo. Gari ikibiringika, paa lisije likamkalia dereva. Sasa ili paa libebe hivyo nguzo za pembeni zinanenepa. Nguzo zikinenepa kioo kinakuwa chembamba, na kioo kikiwa chembamba bati la mlango linaonekana refu kwenda juu. Ndiyo maana sedani za siku hizi ukikaa ndani unaona nje kama unachungulia kwenye tundu la boma. Mwaka 2018 wakalazimisha kila gari mpya iwe na kamera ya nyuma, na wachoraji wakapumua: kioo cha nyuma kiwe kama cha choo, nani anajali, kamera ipo.

#13 Mama_Watatu
Mhandisi hapo kwenye kuchungulia umesema kweli. Mie mfupi, gari ya kisasa ya jirani yangu nikiiendesha naiegesha kwa sala.

#14 Mzee_wa_Kabureta
Vijana hamjambo. Mnazungumzia mgongo wa Charger bila kumtaja babu yake, mnapiga ngoma isiyo na ngozi.

Charger ya kwanza ilitoka kwa mwaka wa 1966, paa linashuka moja kwa moja hadi kitakoni. Iliyofuata, ya 1968, ndiyo yenye umbo la chupa ya soda, kiuno kimebanwa na nyonga zimetoka, na ndiyo hiyo wanayoiiga sasa. Zote mbili milango miwili. Watu walipoletewa Charger ya milango minne mwaka 2005, wazee wa Detroit, mji wa viwanda vya magari huko Marekani, walilia kama wamefiwa. Wakasema hiyo si Charger, hiyo ni teksi. Ikauzwa hadi mwisho wa 2023, polisi wakaendesha, waliolia wakainunua.

Tatizo la sasa ni moja: wamechukua mgongo wa 1968, ambao ni wa milango miwili kwa asili yake, wakaulazimisha ubebe minne. Nyonga haikutani na mlango hata umbembeleze vipi.

#15 Jicho_Kali
Shikamoo Mzee. Kwa hiyo paa la sasa ndilo lile la 1968, linashuka moja kwa moja?

#16 Mzee_wa_Kabureta
Marahaba. Ndiyo, limetelemka vilevile.

#17 Bin_Talladega
Mzee shikamoo, nakurekebisha kwa heshima. La 1968 halikutelemka moja kwa moja, lilidanganya jicho. Nguzo mbili za pembeni ndizo zilizoteleza hadi kwenye buti. Kioo chenyewe kilisimama wima zaidi, kimezama ndani katikati yake, kama mtu aliyejificha kati ya milango miwili ya kanga. Ukiitazama ubavuni unaona mteremko, ukienda nyuma unakuta pango.

Na lile pango lilikuwa balaa kwenye NASCAR, mashindano ya magari ya Marekani. Upepo ulizunguka mle ndani na kuivuta gari. Ndipo 1969 wakatoa Charger 500, kioo kikaletwa nje kikawa sawa na nguzo. Haikutosha, wakaunda Charger Daytona, pua ndefu ya bati na bawa la nyuma lenye kimo cha sentimita 58 hivi. Machi 1970 dereva Buddy Baker akaipitisha Daytona maili 200 kwa saa kwenye uwanja wa Talladega, yaani kilomita 322. Kwa hiyo mnaposema "mgongo mzuri wa 1968", mjue mafundi wenyewe waliuziba kwa sababu ulikuwa unawachelewesha.

#18 Mzee_wa_Kabureta
Umenirekebisha, nakubali, kumbukumbu ilikuwa ya ubavuni tu. Lakini uzuri haupimwi kwa upepo, kijana. Mbona lile bawa halikuwahi kupendeza hata siku moja?

#19 Toroli
Sixpack ni kwa sababu ya silinda 6 au ni kifua cha mwenye gari?

#20 Bin_Talladega
Toroli, jina ni la 1969. Dodge walikuwa na injini kubwa ya V8 iliyofungwa kabureta 3, kila moja midomo 2. Tatu mara mbili ni sita, basi Six Pack. Sasa wamelichukua wakaliunganisha, wakalipa injini isiyo na kabureta hata moja.

#21 Mzee_wa_Kabureta
Inaniuma hiyo.

#22 Kamau_wa_Gikomba
Na hilo nembo jipya lenye mishale mitatu, si ni Mitsubishi iliyopigwa pasi?

#23 Bin_Talladega
Linaitwa Fratzog. Si jipya pia, lilikuwa kwenye Dodge kuanzia 1962 hadi 1976. Neno lenyewe halina maana yoyote, mtu alilibuni tu maana nembo ilihitaji jina. Siku hizi wameliwekea taa, mbele na nyuma.

#24 Binti_Kizimkazi
Samahani jamani, kwenye majukwaa ya magari watu huandika "kupe" kwa gari ya milango miwili. Kupe si yule mdudu wa ng'ombe?

#25 Toroli
Ndiyo huyohuyo. Ananyonya mafuta.

#26 Binti_Kizimkazi
Na sedani, ya milango minne, wanaiita saluni. Kwa hiyo mdudu kaenda kusuka.

#27 Mhandisi_Njaa
Hahaha. Ila tukiwa makini, hii mpya si saluni kamili. Saluni ina buti lake pembeni, kioo kinabaki mahali pake. Charger mpya kioo cha nyuma kinapanda pamoja na mlango wa buti, wote kwa mpigo, milango miwili na minne. Ni hachibaki ndefu iliyovaa suti.

#28 Fundi_Kidevu
Kumbe! Basi hilo nalo lina mchango. Mlango mkubwa namna hiyo unahitaji fremu nene kuuzunguka, la sivyo bodi inacheza. Nimeshafungua hachibaki iliyogongwa nyuma, ile fremu ukiikosea milimita 3 mlango haufungi na maji yanaingia hadi kwenye tairi la akiba. Naongeza kwenye maelezo yangu ya kwanza, siyafuti.

#29 Mwananchi_Mnyonge
Mnabishana mgongo wakati hii ndiyo sedani pekee ya Marekani iliyobaki duniani. Ishukuruni.

#30 Mbeba_Box_Dallas
Si pekee. Cadillac CT5 ipo, Tesla Model 3 ipo, Lucid Air ipo. Ila nakuelewa. Ford alitangaza 2018 kwamba anaacha sedani kwenye soko la hapa, Fusion ikaisha 2020, mwaka huohuo Impala ikaisha, Chrysler 300 ikaenda 2023, Malibu nayo 2024. Hapa mtaani kwangu kila nyumba ina pikapu au gari ya juu. Sedani ni za madereva wa kukodi na sisi tunaotuma hela nyumbani.

Na kuna moja imewapita wote: Charger hii ya "Kimarekani" inaundwa Windsor, Canada. Iliyopita nayo iliundwa Brampton, huko huko Ontario.

#31 Kamau_wa_Gikomba
Windsor ukisimama ukingoni unaiona Detroit ng'ambo ya mto. Ni kama Likoni na kisiwani, tofauti ni pasipoti.

#32 Mswahili_wa_Muscat
Asalaamu aleikum jamaa. Nimeusoma uzi kuanzia juu, nimengoja mtu aseme hakusema, basi nasema mie.

Jicho Kali umeuliza kinyume. Wewe umeona ya milango miwili kwanza, kwa hiyo unadhani ndiyo asili, na ya minne ni nakala iliyoharibika. Hebu geuza. Paa moja, urefu mmoja, tairi mahali pamoja. Sasa kichwa cha abiria wa nyuma kikae wapi? Paa lazima libaki juu mpaka lipite kisogo cha mtu mzima, ndipo lianze kushuka. Hilo ni paa la gari ya familia. Walichofanya ni kuchora ya milango minne, kisha wakaiziba miwili na kurefusha ya mbele. Ile nene ndiyo yenyewe! Nyembamba ni hila ya macho tu, maana mlango mrefu hurefusha gari, kama kanzu ya mistari.

Huku Charger za zamani tunazo nyingi, vijana wanazipenda mno, na karibu kila mwenye nayo atakwambia alimshawishi baba kwa ile milango minne. "Baba, mama atakaa nyuma." Usiku kwenye barabara kuu unaijua kabla hujaiona, kuanzia ya 2011 taa ya nyuma ni utepe mwekundu mmoja kutoka pembe hadi pembe. Mpya wameifanya duara lililolala, nembo katikati. Kwa macho yangu utepe ulikuwa bora. Duara linanikumbusha jiko la umeme.

#33 Jicho_Kali
Muscat, wa aleikum salaam. Umenivuruga kabisa. Nimerudi kwenye picha, nimeziba mstari wa mlango wa nyuma kwa kidole, ni kweli gari ikawa nyembamba. Nikaondoa kidole, ikanenepa. Paa sikuligusa.

#34 Fundi_Kidevu
Si ndiyo nilivyosema post #4? Kikato!

#35 Mswahili_wa_Muscat
Fundi, wewe umesema kikato kimekaa pabaya. Mie nasema kikato kimekaa mahali pake, pabaya ni pale walipokiondoa.

#36 Mzee_wa_Kabureta
Hapana hapana. Kama ya milango minne ndiyo asili, kwa nini wameonesha miwili kwanza? Mtoto wa kwanza ndiye anayerithi.

#37 Mbeba_Box_Dallas
Mzee, biashara hiyo. Unatanguliza mrembo sebuleni, wanaofanya kazi wanafuata.

#38 Kasai_wa_Lubumbashi
Bandugu, jambo. Nyinyi wa Dar na Nairobi munahangaika bure, hii gari usukani iko kushoto na kwenu munapita kushoto. Sisi huku tunapita kuume, tukiipata tunaingia barabarani siku ileile.

#39 Kamau_wa_Gikomba
Kweli. Kenya usukani wa kushoto hausajiliwi ila kwa ruhusa maalumu, na gari ikizidi miaka 8 haiingii. Charger kwetu ni ya picha ya simu tu.

#40 Mama_Watatu
Lakini Chrysler 300C tunaziona kwenye harusi, zimerefushwa, zina maua mbele. Si ni ndugu wa Charger?

#41 Bin_Talladega
Ndugu wa tumbo moja na ile Charger ya 2005. Ila 300C za kizazi hicho za kuuzwa Ulaya ziliundwa Graz, Austria, na za usukani wa kulia zilikuwepo, ziliuzwa Uingereza. Charger haikupewa usukani wa kulia.

#42 Fundi_Kidevu
300C niliwahi kupaka rangi, ya harusi kweli. Ile ndiyo sedani. Bati refu, kioo kifupi, mstari wa bega umenyooka kama rula kutoka taa hadi taa. Mwanga unatembea peke yake, unakaa pembeni unakunywa chai. Mlango wa nyuma upo, tena mkubwa, na hakuna aliyewahi kulalamika umenenepesha gari, kwa sababu bega halifuri popote. Muscat jibu hilo.

#43 Mswahili_wa_Muscat
Silijibu, nalifikiria.

#44 Mwananchi_Mnyonge
Na hii ya farasi 550 ni V8?

#45 Mhandisi_Njaa
Silinda 6, soma #10.

#46 Mwananchi_Mnyonge
Basi siyo gari ya mkubwa.

#47 Toroli
V8 kwetu ni ile Land Cruiser ya mkuu wa mkoa, inayokupita ina vumbi na haikuombi radhi. Nimerudi palepale, gari ni Toyota.

#48 Binti_Kizimkazi
Toroli, Toyota yenyewe imeisaliti saluni. Crown iliyotoka 2022 si imeinuliwa kama inavuka mto?

#49 Toroli
Hiyo hatuizungumzii. Ni mambo ya ndani ya familia.

#50 Mama_Watatu
Nimemwonesha mwanangu wa miaka 7 picha zote mbili, sikumwambia kitu. Kasema ya milango miwili imekasirika, ya milango minne inasubiri mtu.

#51 Jicho_Kali
Mama Watatu, mtoto huyo mlete huku jukwaani.

#52 Mhandisi_Njaa
Mimi bado nipo na nguzo na kioo. Leteni picha ya milango minne ambayo vioo vyake vimeongezwa kimo kwa sentimita 5 tu, kila kitu kingine kibaki, muone kama mtauona huo unene.

#53 Kamau_wa_Gikomba
Nimefanya kwa simu, kwa kidole. Imekuwa teksi.

#54 Mzee_wa_Kabureta
Nilisema mimi. 2005 nilisema.

#55 Fundi_Kidevu
Wakuu nimechora mstari wa bega wa Charger kwa chaki ubavuni mwa Mark X ya mteja hapa gereji, mlango wa mbele hadi juu ya tairi la nyuma, nimwoneshe kijana wangu kikato kinavyoangukia kwenye mfuro. Kaona. Hata Muscat angeona. Nilitaka kupiga picha niwaletee, ila mteja kafika, kasimama kimya anaangalia chaki. Anauliza kama hiyo nayo imo kwenye bei.